Programu Huria na Nyakati za Swala za Mbulumbulu



 Katika somo hili tutaeleza jinsi ya kupakua programu ya kompyuta ikiwa bado ni maandishi, kuikompaili sisi wenyewe, na kuitumia kwa jambo linalotuhusu kila siku, nalo ni nyakati za swala.

TATIZO LENYEWE

Mwezi wa Ramadhani wengi wetu hufungua redio kusubiri adhana ya Magharibi. Je, adhana inayotoka Dar es Salaam ni ya Mbulumbulu? Tupige hesabu. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 1 kwa dakika 4. Saa ya Tanzania imepangwa kwa longitudo ya digrii 45 Mashariki. Dar es Salaam iko karibu digrii 39.3, nasi tuko karibu digrii 35.8. Kwa wastani, jua la Dar es Salaam hufika katikati ya mbingu saa 6 na dakika 23 mchana, na la kwetu saa 6 na dakika 37. Tofauti ni dakika 14.

Kuzama kwa jua hutofautiana pia kwa msimu. Mwezi wa Juni tunachelewa nyuma ya Dar es Salaam kwa dakika 20 hivi, na Desemba kwa dakika 8 hivi. Basi anayefuturu huku kwetu kwa adhana ya Dar es Salaam anafuturu jua halijazama. Jambo hili si dogo.

PROGRAMU HURIA NI NINI?

Mbulumbulu tunalima ngano, kwa hiyo tuchukue mfano wa chapati. Ukipewa chapati iliyokwisha kuiva, huwezi kupunguza chumvi wala kujua kilichotiwa ndani. Ukipewa unga na maelezo ya upishi, unaweza. Programu nyingi za kununua ni chapati iliyoiva. Programu huria huja pamoja na maandishi yake ya asili, yaani msimbo chanzo, pamoja na ruhusa ya kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa.

Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU wa kuandika programu za namna hii. Mwaka 1991 Linus Torvalds wa Finland alitoa kiini cha Linux. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi.

Tukumbuke pia upande wa amana. Kunakili programu ya kununua bila idhini ya mwenyewe ni kuchukua haki ya mtu. Programu huria, mwenyewe ametoa idhini. Mmoja wetu akipata mtandao mjini Karatu anaweza kuipakua mara moja na kuwagawia wenzake kwa flashi bila dhambi.

HATUA ZA KUFUATA

Wanaprogramu wa mradi wa Arabeyes waliandika maktaba ya programu iitwayo libitl, kwa lugha ya C, inayokokotoa nyakati za swala na tarehe za Hijria. Juu yake kuna itools, yenye amri mbili mashuhuri: ipraytime kwa swala na idate kwa tarehe.

1. Kupakua. Chukua faili kutoka kwa waandishi wenyewe. Mara nyingi jina lake huishia na tar.gz.

2. Kuhakiki. Waandishi wakitoa namba ya uhakiki, tumia amri ya sha256sum na ulinganishe. Herufi moja tu ya faili ikibadilika, namba yote hubadilika. Sisi wanafunzi wa madrasa tunajua umuhimu wa isnadi, basi na hapa tuulize: limetufikiaje, na limefika salama?

3. Kufungua na kusoma. Fungua kwa tar xzf, kisha soma faili la README au INSTALL kabla ya yote. Kila programu ina utaratibu wake.

4. Kukompaili, yaani kugeuza maandishi ya mwanadamu yawe lugha ya mashine. Kwa programu nyingi za Unix amri ni ./configure, halafu make, halafu make install. Ukiambiwa kitu kimekosekana, usikate tamaa. Libitl hutangulia na itools hufuata, kama vile udhu hutangulia swala.

5. Kuipa maelezo. Iambie latitudo, longitudo na tofauti ya saa (Tanzania ni +3). Kisha chagua njia ya hesabu. Njia ya Misri huhesabu Alfajiri jua likiwa digrii 19.5 chini ya upeo, nyingine hutumia 18 au 15. Alasiri ya Shafi na ya Hanafi hutofautiana pia. Hapa ndipo faida ilipo: katika programu iliyofungwa hujui ni digrii ipi imetumika. Katika programu huria, ustadhi na mwanafunzi hufungua faili wakaona.

KUHAMISHIA MASHINE NYINGINE

Wengi wetu hatuna kompyuta, tuna simu. Programu iliyokompailiwa kwa prosesa ya Intel haifanyi kazi kwenye prosesa ya ARM ya simu. Lakini msimbo ule ule ukikompailiwa upya ndani ya simu ya Android, kwa kutumia Termux, huweza kufanya kazi. Kosa la kawaida ni njia za mafaili, maana Termux haitumii /usr kama Linux ya kawaida. Mwenye msimbo hurekebisha mstari mmoja au miwili, akaendelea.

HITIMISHO

Kompyuta haichukui nafasi ya macho wala ya wanazuoni. Siku ya kwanza toka nje, tazama jua likizama, na ulinganishe na saa. Kisha wapelekee masheikh majibu wayathibitishe kabla ya kubandika ratiba msikitini.

MASWALI

1. Kwa nini adhana ya Dar es Salaam haitufai kufuturu?
2. Taja ruhusa nne za programu huria.
3. Kigoma iko karibu digrii 29.6 Mashariki. Jua lake hufika katikati ya mbingu saa ngapi kwa wastani?