Somo la Robo Hii: Vifaa vya Kuweka Dari Nyumbani



Mara nyingi bati likishapigwa, tunasema nyumba imekwisha. Lakini anayelala humo anajua haijakwisha. Mchana joto la bati humshukia kichwani, na usiku mbu hupita kwenye uwazi ulio kati ya ukuta na bati.

Dari si pambo tu. Huko Gambia, katika eneo la Farafenni, watafiti waliweka dari za wavu katika nyumba za kawaida. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kuwa mbu waenezao malaria walioingia ndani walipungua kwa karibu nusu. Watoto wenye upungufu wa damu walikuwa 12 katika kila 100, wakati katika nyumba zisizo na dari hizo walikuwa 19. Hata hivyo, chandarua kitandani bado kinahitajika.

Kosa tulilolifanya

Sisi wenyewe tulijifunza kwa hasara. Fedha za dari ya nyumba ya mhudumu wa zahanati zilipofika, tulikimbilia kununua bodi. Hatukukagua bati. Mvua ya kwanza ilipenya kwenye matundu ya misumari, bodi zikavimba na kupinda. Fedha ya mfadhili ikaharibika, na mhudumu akaendelea kulala chini ya bati. Tangu hapo tunasema: bodi hununuliwa mwisho.

Hesabu ya chumba kimoja

Tuchukue chumba cha futi 12 kwa 12, chenye fremu ya miraba ya futi 2 kwa 2:

1. Mbao za 2 kwa 2: mistari 7 kwenda na 7 kukata, yaani futi 168. Kwa mbao za futi 12 ni 14. Ongezeni 1 ya akiba. Ziwe kavu na zimepakwa dawa ya mchwa.
2. Vipande vya kuning'inizia fremu kutoka kwenye kenchi, iwapo kenchi ziko juu sana. Fundi apime idadi.
3. Bodi za futi 8 kwa 4: bodi 5. Nusu ya bodi moja itabaki, msiitupe.
4. Mikanda ya mbao: futi 48 kuzunguka ukuta na futi 32 kufunika maungio ya bodi.
5. Misumari ya inchi 3 kwa fremu na ya inchi 1½ kwa bodi. Bodi ya jipsamu hufungwa kwa skrubu.
6. Wavu wa mbu wa kuziba matundu ya hewa. Msiyazibe kwa saruji, kwa kuwa joto lililo juu ya dari linahitaji pa kutokea.

Wanaotaka dari ya kuning'inia ya vyuma watahitaji vyuma vya ukutani futi 48, vyuma vya umbo la T, waya wa kufungia kwenye kenchi, na vibao 36 vya futi 2 kwa 2. Uzuri wake ni kwamba kibao kimoja kikiharibika, hubadilishwa peke yake.

Kuhusu bodi, jipsamu hupendeza lakini haivumilii maji. Plaiwudi ni imara zaidi. Dari kuukuu inayodhaniwa kuwa ya asbesto isikatwe wala kuvunjwa na mafundi wetu, kwa sababu vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Ombeni ushauri wa wataalamu.

Utaratibu

Kwanza zibeni matundu ya bati na kusubiri mvua ihakikishe. Pili, fundi umeme apitishe nyaya. Tatu, fremu ipigwe na kupimwa kwa pima maji. Ndipo bodi zinunuliwe. Acheni mlango mdogo wa kupandia juu, ili siku bati likivuja msilazimike kuvunja dari.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, nyumba yetu inavuja? Nani alipanda kukagua, na lini?
2. Je, makadirio tuliyompelekea mfadhili yalitokana na vipimo vya chumba au kiasi tulichodhani atatoa?
3. Vifaa vikifika, vitatunzwa wapi, na nani atatia saini?

Mfadhili hutoa fedha mara moja, lakini anayelala chini ya dari hiyo ataitazama kila usiku. Tuwe waaminifu kwa wote wawili.