Faili la "FINAL KABISA" lilivyoniaibisha: jinsi ya kutunza faili mama ofisini

Somo la leo ni la wenye steshenari na ofisi zote ndogo ambazo watu wawili watatu wanashika kazi moja.

Mimi nina steshenari hapa Singida mjini. Niliishia kidato cha nne, kompyuta nimejifunzia humuhumu kazini. Tuko watatu: mimi, dada wa kaunta na dogo wa kuchapa. Mwaka jana msimu wa alizeti, kikundi cha kina mama wanaokamua mafuta walitupa kazi ya slaidi za kumwonyesha mnunuzi kutoka Dodoma. Siku yenyewe slaidi inasema dumu la lita 20 ni elfu 70, karatasi walizoshika zinasema elfu 85. Slaidi ya mwisho ndo balaa zaidi: ina namba ya simu ya mteja wangu mwingine! Mnunuzi akawaambia wakijipanga wamwite, akaondoka. Mama mwenyekiti alikuja dukani, hata hakufoka. "Mwanangu, tulikuamini. Umetuaibisha mbele ya mgeni." Nilirudisha hela yao yote, ila mnunuzi hakurudi.

Tukakaa chini kutafuta chanzo. Kumbe kulikuwa na FINAL kwenye kompyuta, FINAL MPYA kwenye fleshi ya dogo, na FINAL KABISA kwenye WhatsApp ya dada. Kila mtu karekebisha la kwake. Na kazi yenyewe tuliianza kwa kufungua kazi ya mteja wa zamani na kufuta majina. Ile namba ikatuponyoka.

Sasa hivi tunafanya hivi:

1. Faili mama ni tupu. Halina jina, bei wala namba ya mteja yeyote. Kwenye PowerPoint, wakati wa kusevu chagua aina inayoitwa PowerPoint Template, inaishia na .potx. Ukilibofya mara mbili linakufungulia nakala mpya isiyo na jina, mama anabaki salama. Rangi na nembo weka kwenye Slide Master, ukibadilisha pale mara moja slaidi zote zinafuata. Anayeruhusiwa kugusa faili mama ni mtu mmoja tu.

2. Neno FINAL marufuku. Jina linaanza na tarehe, mwaka kwanza: 2025-03-14_alizeti_02. Hapo kompyuta inayapanga yenyewe kwa mfululizo, na namba ya mwisho inakuonyesha toleo.

3. Kazi inakaa sehemu moja. Sisi tunatumia Google Drive, unapewa GB 15 bure. Tunatumiana linki, siyo faili, maana kila faili unalorusha WhatsApp ni nakala nyingine imezaliwa. Ukifanyia kazi kwenye Google Slides, ingia Version history uone nani kabadili nini na lini, na unaweza kurudisha toleo la juzi. Angalizo: kama umepandisha faili la PowerPoint lilivyo, matoleo ya zamani yanaweza kufutika baada ya siku 30. Lile muhimu liwekee alama ya kutunzwa daima.

4. Daftari la kaunta. Mteja akibadili bei, andika tarehe, kilichobadilika na nani kabadili. Umeme ukikatika au mtandao ukisumbua, daftari lipo.

5. Mteja asome, asaini, ndipo itoke. Chapa nakala moja, mpe asome kila namba. Akisaini, toa PDF kwenye toleo hilohilo. Slaidi na karatasi zote zitoke hapo. Akitaka kubadili tena, ni toleo jipya na saini mpya.

Hii haihitaji kompyuta ya bei mbaya. Inahitaji mkubaliane, na wewe bosi uwe wa kwanza kufuata. Mimi ndiye niliyekuwa navunja sana, nikiona foleni ya wateja nafungua tu faili lililo karibu.

Kina mama wale walirudi baadaye kuchapa lebo za chupa. Mwenyekiti alisoma kila mstari mara mbili kabla hajasaini. Simlaumu.

Leo jioni kabla hujafunga, tafuta neno FINAL kwenye kompyuta yako uhesabu yako mangapi. Yakizidi moja, anza na namba 1 hapo juu. Na mtumie mwenzako mwenye steshenari, asisubiri yamkute.