Mashine Kuukuu za Kuchimba Sarafu za Kidijiti: Pima Umeme Kabla ya Kulipa

Mashine zilizostaafishwa katika vituo vikubwa vya kuchimba Bitcoin huuzwa tena kwa bei nafuu, na baadhi ya wauzaji huahidi kwamba fundi akizirekebisha zitatumia umeme mdogo na kumletea mwenye nyumba kipato. Ahadi hiyo ina ukweli nusu: matumizi ya umeme hupungua kweli, bali kipato ni suala jingine. Kwa mkazi wa Mbaha anayetaka kuweka malipo ya kahawa au mauzo ya dagaa katika mashine ya namna hii, tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo itakayoamua kama fedha yake itabaki au itapotea. Somo hili linaeleza namna ya kuikokotoa.

Mashine hula kiasi gani?

Tuchukue mfano wa Antminer S9, mashine iliyoingia sokoni mwaka 2016. Hufanya majaribio ya hesabu yapatayo trilioni 14 kwa sekunde, na huvuta takriban wati 1,350 mchana na usiku. Kwa saa 24 hiyo ni uniti 32.4.

Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa daraja la T1 hulipa shilingi 292 kwa uniti. Ukijumlisha kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya umeme vijijini asilimia 3 na tozo ya EWURA asilimia 1, uniti hufikia takriban shilingi 356. Gharama ya siku moja basi ni karibu shilingi 11,530. Mteja wa daraja la D1 asitegemee nafuu: uniti 75 za bei ya chini, ambazo ni za mwezi mzima, zitakwisha kabla ya siku ya tatu kumalizika, na kila uniti inayozidi hapo hutozwa shilingi 350 kabla ya kodi na tozo.

Huzalisha kiasi gani?

Tangu Aprili 2024, Bitcoin mpya zinazotolewa duniani kote ni takriban 450 kwa siku, nazo hugawanywa kwa kadiri ya nguvu ya kila mchimbaji. Katikati ya mwaka huo nguvu ya mtandao mzima ilikuwa karibu majaribio trilioni mara milioni 600 kwa sekunde. Mashine yetu ina 14 tu kati ya hizo milioni 600. Bitcoin moja ikiwa na thamani ya dola 60,000, na dola ikiwa shilingi 2,600, fungu lake ni karibu shilingi 1,640 kwa siku. Kila shilingi inayopatikana imenunuliwa kwa shilingi saba za umeme.

Marekebisho husaidia wapi?

Umeme unaotumiwa na chipu hufuata kasi yake pamoja na mraba wa volti inayopewa. Volti ikipunguzwa kwa asilimia 10, kila jaribio hutumia asilimia 81 tu ya umeme wa awali. Kwa kuwa chipu yenye volti ndogo haiwezi kukimbia kama mwanzo, kasi nayo hushushwa, tuseme kwa asilimia 20. Kwa makadirio, mashine itavuta wati 875, sawa na uniti 21 kwa siku. Kusafisha vumbi na kuruhusu hewa baridi ipite huongeza nafuu kidogo, kwa sababu chipu yenye joto kali hupoteza umeme zaidi.

Gharama ya siku sasa ni karibu shilingi 7,480, na mapato shilingi 1,310. Hasara imeshuka kutoka shilingi 9,890 hadi 6,170. Huo ni uokoaji halisi, lakini bado ni hasara ya takriban shilingi 185,000 kwa mwezi.

Wenye kufaulu katika kazi hii hutumia umeme wa namna nyingine. Katika Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, uchimbaji ulianza mwaka 2020 kando ya kituo cha umeme wa maji cha Luviro, kwa umeme wa hifadhi yenyewe uliokuwa bado haujapata wateja. Anayenunua uniti kwa LUKU hana nafasi hiyo.

Usalama wa nyumba

Katika volti 230, mashine ya wati 1,350 huvuta takriban ampea 5.9. Mwisho wa laini ndefu, volti ikishuka hadi 180, huvuta ampea 7.5, na joto ndani ya nyaya huongezeka kwa zaidi ya asilimia 60. Soketi iliyolegea na waya mwembamba wa kurefushia havistahimili mzigo huo usiku kucha. Nyaya zikaguliwe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Sheria

Novemba 2019, Benki Kuu ya Tanzania iliutangazia umma kwamba fedha halali nchini ni shilingi, na ikatahadharisha dhidi ya matumizi ya sarafu hizi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijiti. Kutozwa kodi hakuifanyi sarafu hiyo kuwa fedha halali.

Kabla ya kulipa

1. Mtake muuzaji awashe mashine mbele yako kwa saa moja, vifaa vingine vikiwa vimezimwa. Soma uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU kabla na baada.
2. Zidisha uniti hizo kwa 24, kisha kwa bei unayolipa wewe, si bei anayoitaja muuzaji.
3. Linganisha na thamani ya uzalishaji wa siku hiyo, si ya mwaka ambao bei ilikuwa juu.
4. Gharama ikizidi mapato, usinunue. Ikiwa mashine tayari ni yako, punguza volti na kasi iwapo una sababu ya kuendelea nayo. Vinginevyo, kuizima ndiko kutakakookoa uniti nyingi zaidi.