Bakteria na Arkea: Mfanano wa Umbo, Tofauti ya Asili

Ziwa Magadi, lililomo katika Bonde la Ufa kusini mwa Kenya, haliingiwi na mto wowote wa kudumu. Maji yake hutoka hasa katika chemchemi za moto, na jua kali huyakausha hata yakaacha tabaka nene la magadi. Katika madimbwi yanayosalia, maji huweza kugeuka mekundu. Rangi hiyo hutokana na viumbe hai wadogo mno, wasioonekana kwa macho matupu.

Mwanafunzi akilitazama tone la maji hayo kwa hadubini, ataona vijiti na viduara, kila kimoja seli moja isiyo na kiini kilichozungukwa na utando. Huenda ataandika “bakteria” na kulifunga daftari lake. Wataalamu nao walifanya hivyo kwa miaka mingi, na vitabu viliwaweka viumbe wote wa namna hiyo katika himaya moja iliyoitwa Monera. Hawapaswi kulaumiwa sana, kwani umbo ndilo lililoonekana.

Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox, wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, walitangaza matokeo ya kipimo kingine. Kila seli ina ribosomu, ambazo kazi yake ni kutengeneza protini, na ndani yake mna RNA ambayo mpangilio wake hubadilika polepole sana, kizazi baada ya kizazi. Kadiri mipangilio ya viumbe wawili inavyotofautiana, ndivyo undugu wao ulivyo wa mbali. Ilidhihirika kwamba vijidudu vitoavyo gesi ya methani, ingawa vina umbo la bakteria, si bakteria. Wengi walisita kukubali. Mwaka 1990 Woese, pamoja na Otto Kandler na Mark Wheelis, alipendekeza makundi makuu matatu: Bakteria, Arkea, na Yukaria, ambamo wamo mimea, wanyama na kuvu.

Kemia ya utando wa seli inathibitisha jambo hilo. Mtu apikaye sabuni huchemsha mafuta pamoja na magadi makali, na viungo viitwavyo esta, vinavyoishikilia asidi ya mafuta, hukatika. Mafuta ya utando wa bakteria yana viungo hivyo hivyo. Yale ya arkea yameunganishwa kwa etha, ambayo haikatwi kwa njia hiyo. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba etha peke yake ndiyo iwawezeshayo kuishi Magadi. Katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa wamo pia bakteria wa rangi ya kijani-samawati, ambao ndio chakula kikuu cha heroe wadogo.

Tofauti nyingine imo katika ukuta wa seli. Ukuta wa bakteria walio wengi hujengwa kwa mureini, na penisilini huwaua kwa kuuzuia ujenzi huo. Arkea hawana mureini, kwa hiyo penisilini haiwadhuru.

Mwaka 1984 watafiti Tindall, Ross na Grant walieleza jamii mpya za arkea kutoka Ziwa Magadi, na mmojawapo akapewa jina la ziwa lenyewe: Natronobacterium magadii, ambaye sasa huitwa Natrialba magadii. Jina la kwanza lilibeba neno “bakteria”, ishara ya jinsi mazoea ya zamani yalivyokuwa na nguvu. Hata neno “arkea”, lenye asili ya Kigiriki na maana ya kale, huweza kupotosha, kwani halithibitishi kwamba viumbe hao waliwatangulia bakteria.

Wala arkea hawaishi katika maji makali tu. Wamo tumboni mwa ng’ombe na katika shimo la samadi la mtambo wa biogesi. Humo bakteria huvunjavunja majani na kutoa haidrojeni na kaboni dioksidi, kisha arkea huziunganisha kuwa methani. Mtambo ambao arkea wake wamekufa huendelea kuchacha na kutoa harufu, lakini gesi yake haiwaki.