Kwa nini mzigo wake unalala kabatini mwako?

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Morogoro, naishi hosteli. Rumeti wangu anavuta bangi chumbani usiku, na wikiendi analeta Konyagi na wenzake. Kanuni zinakataza, sote tulisaini. Nikimwambia anacheka. Siku za ukaguzi tunahamishia vitu vyake kabatini kwangu kwa sababu la kwake halina kufuli. Nikimripoti nitaitwa msaliti. Halafu si mtu mbaya, bumu likichelewa ndiye anayenilisha. Nifanye nini?
Nimebanwa, Morogoro"

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilikuwa ndefu, nimeipunguza bila huruma. Nimeondoa moshi, kikohozi na macho mekundu asubuhi ya mtihani. Nimebakiza kufuli, kwa sababu umelitaja harakaharaka kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

Kufuli dogo halizidi bei ya chipsi mayai. Kijana mwenye hela ya Konyagi kila wikiendi, na bado akakulisha wewe, ameshindwa kununua kufuli? Hajashindwa. Halihitaji, maana anayo stoo, na stoo ni wewe. Na mzigo ukihama, mikono inayobeba ni minne.

Fikiria siku mlezi wa hosteli atakapokuja na askari. Hawatauliza nani huvuta. Watafungua kabati, watakuta kete, watauliza ufunguo wa nani. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inambana anayekutwa nazo, na haimsahau anayejua chumba chake kinatumika akaacha kitumike. Bangi imo, mirungi imo. Atakayekwambia mirungi inauzwa hadharani Kenya mjibu kwamba wewe unasoma Morogoro. Na huu si mkoa wa kujificha: Mamlaka ya kudhibiti dawa hizo imeshapanda milima yetu ya Uluguru kufyeka mashamba ya bangi, hukohuko kwenye vyanzo vya mto Ruvu unaowapa watu wa Dar es Salaam maji ya kunywa.

Pombe ni jambo jingine, usiichanganye na bangi. Mtu mzima kunywa si kosa la jinai. Kunywea chumbani ni kuvunja kanuni za chuo, na adhabu yake ni kupoteza chumba au kusimamishwa masomo. Sigara vilevile, inauzwa dukani, lakini anayeivuta kitandani juu ya godoro la sponji, katika jengo lililojaa watoto wa watu, anacheza na roho zao. Katika hilo sina la kujadili.

Sasa tuje kwenye chakula, maana ndipo ulipobanwa.

Unasema unaogopa kuitwa msaliti. Sikuamini sana. Unaogopa wiki ya tatu bila bumu, na hilo si jambo la aibu. Najua hosteli zetu. Najua mwanafunzi anayeshindia chai ya rangi na chapati moja huku akisubiri Bodi ya Mikopo, akisaini daftari la mahudhurio kwa mkono unaotetemeka. Aliyekugawia wali wake siku kama hiyo amekutendea wema na simtukani. Lakini wali hulipwa kwa wali, au kwa hela bumu likiingia, au kwa kumfulia mashati. Haulipwi kwa jina lako. Siku alipokupa sahani kisha akakupa na mfuko wa kuficha, deni lile lilishageuka, nawe ulilijua ndiyo maana umeniandikia.

Katika kurasa nilizoziondoa umesema kwenu ni Mgeta, mama analima kabichi na njegere, na mjomba aliuza mbuzi ili uje chuo. Umesema pia mjomba hajui kwamba unalala njaa, "asije akaona hela yake imepotea." Hapo ndipo nilipokasirika. Wewe ni Mluguru. Kwenu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu yake: ndiye anayesimama kwenye mahari, kwenye kesi, kwenye msiba. Mtu huyo umemfungia mlango, kisha nafasi yake ukampa kijana uliyepangiwa naye chumba. Rumeti ndiye anayekulisha, na sasa rumeti ndiye anayekuamulia nini kiwekwe wapi. Ukishikwa, atakayepanda gari kuja kituoni kukuwekea dhamana si yeye. Ni mjomba, na ndiyo itakuwa mara yake ya kwanza kusikia kwamba ulikuwa na njaa.

Wala mimi si adui wa pombe. Milimani kwenu pombe hupikwa kwa ajili ya tambiko, wazee wakanywa mchana kweupe, kila mtu akijua nani kaipika na ni kwa ajili ya nani. Kinywaji kinachohitaji kabati la mtu mwingine hakifanani na hicho.

Kuhusu usaliti, Mazimbu si mbali na hapo ulipo. Vijana wa Afrika Kusini waliokimbia baada ya maasi ya Soweto ya 1976 walisomeshwa pale na ANC, katika chuo cha Solomon Mahlangu, mpaka majengo yakakabidhiwa Tanzania mwaka 1992. Walikuwa na kila sababu ya kufichiana siri, maana Makaburu waliwawinda hata uhamishoni. Bangi na ulevi viliwasumbua nao, na viongozi wao hawakunyamaza. Kusema si usaliti.

Kuhama chumba, kupanga geto Mafiga au Kihonda, kuandika barua isiyo na jina: yote unaweza, ila njaa itahama nawe.

Kwa hiyo anza leo. Toa vitu vyake kabatini, mpe mkononi mkiwa wawili tu, mwambie havirudi. Andika unachodaiwa, mwoneshe, mwambie utalipa bumu likiingia. Akiendelea kuvuta humo ndani, nenda kwa mlezi wa hosteli kwa jina lako. Na kama hapati usingizi bila kuvuta, anahitaji mshauri nasaha wa chuo, mwambie hivyo kwa upole.

Halafu mpigie mjomba Jumapili akiwa ametulia. Magari ya mboga yanashuka kutoka Mgeta kuja mjini. Debe la viazi na la njegere halikosi nafasi. Mpelekee mama ntilie wa getini, mkubaliane sahani ngapi. Ila kabla ya viazi, mweleze mjomba na habari ya kabati.