Darsa ya Maji ya Konde na Haki ya Jirani

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mteremsha mvua, Mhuisha ardhi iliyokufa. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu wakulima, lililotutia kuandika darsa hii ni jambo lililotokea katika bonde moja la mpunga tunalolijua. Baada ya sala ya Alasiri watu walikaa barazani mwa msikiti wakizungumza khabari ya vuli iliyochelewa. Mzee mmoja akasema kuwa mvua ni kadari ya Mungu tu, huileta akitaka na huizuia akitaka, na kuitafutia sababu nyingine ni upungufu wa imani. Jirani yake, ambaye konde lake liko chini ya konde la huyo mzee, akajibu kuwa wanaadamu ndio walioiharibu hewa kwa moshi wa makaa na mafuta na kwa kukata misitu. Maneno yakawa makali. Huyu akamwita mwenziwe mpungufu wa dini, na yule akamwita mwenziwe mjinga. Asubuhi yake mwenye konde la juu akauziba mfereji kwa udongo na makuti, na mpunga wa yule wa chini ndio kwanza ulikuwa ukitoa mashuke.

Tuanze na lile walilogombania, kwani ni jepesi kuliko walivyodhani. Mtume s.a.w. alipokuwa Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra, ilinyesha mvua usiku, naye baada ya sala ya Alfajiri akawajulisha masahaba kuwa aliyesema mvua imekuja kwa fadhila za Mwenyezi Mungu ameamini, na aliyesema imeletwa na nyota fulani amekufuru. Walakini Imam Shafii r.a. ameeleza kuwa mwenye kuitaja nyota kwa maana ya wakati tu, huku akiitakidi kuwa Mnyeshezaji ni Mungu peke yake, huyo hakukufuru. Na wazee wetu wa pwani walipohesabu miongo tangu Siku ya Mwaka, wakajua mwongo wa kupanda na mwongo wa kungoja, hawakumshirikisha Mungu na hesabu yao. Basi kujua sababu si kumkanusha Mwenye kuziumba sababu.

Na sababu zenyewe wenye elimu ya hali ya hewa wamezijua baadhi yake. Bahari ya kwetu, upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ikipata joto kuliko kawaida yake na upande wa Sumatra ukapoa, vuli yetu huwa kubwa. Mambo yakigeuka, vuli huwa haba. Mwaka 1961, na 1997, na 2019 maji yalifurika. Mwaka 2022 mambo yaligeuka. Kadhalika wameipima hewa ya ukaa: kabla ya viwanda ilikuwa kiasi cha sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa, na leo imepita 420, na joto la dunia limezidi kwa zaidi ya daraja moja tangu karne ya 19. Katika Suratur-Rum, aya ya 41, Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa uharibifu unaodhihiri bara na baharini una asili katika vitendo vya watu wenyewe, na miongoni mwa mufassirina wako waliotaja ukame na upungufu wa mavuno katika maana yake. Mzee wetu angaliikumbuka aya hii, asingalimtuhumu jirani yake katika dini.

Na huyo jirani naye hakuwa na ruhusa ya kumwita mtu mzima mjinga. Tufani ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu na minazi ya Unguja, hapakuwa na gari hata moja kisiwani. Tena katika khabari ya masika yetu wataalamu wenyewe hawajaafikiana: hesabu zao nyingi husema mvua za Afrika Mashariki zitazidi, na hali vipimo vilionyesha masika yakipungua tangu miaka ya 1980 hata ya 2000. Jambo ambalo wenyewe wenye vyombo vya kupimia wanalijadili, wewe unamvunjia jirani heshima kwalo barazani mwa msikiti?

Sasa tuje kwenye mfereji, na hapa ndipo penye darsa.

Sayyidna Zubeir bin Awwam r.a. alikuwa na mitende huko Harra, ardhi ya mawe meusi kando ya Madina, na maji ya mvua yalikuwa yakipita katika vijito vyake kwanza, kisha yakaenda kwa jirani yake, mtu katika Ansari. Yule Ansari akataka maji yaachwe yapite, Zubeir akakataa. Wakaenda kwa Mtume s.a.w. Akamwamuru Zubeir anyweshe mitende yake, kisha ampelekee jirani yake maji. Tazama vizuri, ndugu yangu: hakumwambia ajaze. Alimtaka achukue kidogo apitishe, na hali haki yake ilikuwa kubwa kuliko hivyo. Yule Ansari hakuiona hisani hiyo; akaghadhibika, akadai kuwa Zubeir amependelewa kwa kuwa ni mtoto wa shangazi yake Mtume. Uso wa Mtume ukabadilika rangi. Ndipo akamhukumia Zubeir haki yake kamili: azuie maji hata yafike kwenye kuta za mashina, ndipo ayaachilie. Watu wakakikadiria kipimo hicho kuwa ni maji ya kufika vifundo vya miguu, na ndicho kilichoandikwa katika Minhaji ya Imam Nawawi: wa juu kwanza, kisha anayemfuatia, kila mmoja hata vifundoni.

Mwenye konde la juu alipoelezwa kisa hiki alifurahi. Akasema, "Basi Sharia ni yangu." Tukamwambia: ni yako hata vifundoni, wewe umeziba siku ya tatu hii, na maji yamekufika nusu ya muundi. Tena sikiliza neno la Imam Mawardi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu aliyekufa mwaka wa 450 wa Hijra. Yeye amesema kuwa kipimo cha vifundo si cha kila ardhi wala kila zama, bali hukadiriwa kwa haja. Nayo hugeuka kwa kutofautiana ardhi, na kilichopandwa, na majira ya joto na baridi, na wakati wa kupanda na usio wake, na maji yenyewe kuwa ya daima au ya kukatika.

Maneno haya kayasema mtu wa Basra na Baghdadi, lakini mkulima wa kwetu huyafahamu kwa mguu wake. Konde la mzee ni la kinamo: ukilijaza leo, keshokutwa bado unazama. La jirani yake lina kichanga kingi: maji ya asubuhi hayaoni Magharibi. Vifundo vya huyu na vifundo vya yule si kitu kimoja. Ardhi ya kinamo imepewa akiba ndani yake, ya kichanga haina, na mpunga unaotoa mashuke ukikosa maji siku hizo suke hubaki kapi. Mvua ya baadaye haimfai mwenyewe kitu.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama jirani yake bado anamwita mjinga. Kijana mmoja akatumwa kuuliza. Akarudi na jirani mwenyewe, jembe begani, naye akamwamkia, "Shikamoo, mzee wangu," akaomba radhi. Mfereji ulifunguliwa kabla ya Isha. Nusu ya mpunga wa chini ulikwisha haribika.

Swali: Mtu ana kisima alichokichimba katika milki yake, na maji yamezidi haja yake. Je, ni wajibu ampe jirani?

Jibu: Kwa kunywa watu, ni wajibu. Kwa kunywesha wanyama wa jirani pia ni wajibu, bila ya thamani, ikiwa hapana maji mengine na malisho yako karibu. Ila si lazima amwazime ndoo yake wala kamba yake, na pampu ya leo tunaiona katika hukumu hiyo hiyo. Ama kwa kunywesha mazao, si wajibu katika madhehebu yetu. Akitoa, ametoa hisani, na akiuza, ni halali yake.

Swali: Na huyo jirani akivuna mpunga alioumwagilia kwa pampu, atoe zaka kiasi gani?

Jibu: Ukifika nisabu, ulioota kwa mvua hutolewa sehemu moja katika kumi, ulionyweshwa kwa taabu na gharama, moja katika ishirini. Ukiwa umekuzwa kwa yote mawili, hukadiriwa kwa kiasi kila kimoja kilivyoukuza. Wallahu aalam.