Kabla ya Karatasi, Uliza Nani Ana Mamlaka ya Kuuza

Nyumba nyingi zinazouzwa Makorora, jijini Tanga, hazitangazwi popote. Habari huletwa na dalali, au na mpangaji aliyeambiwa atafute chumba kwingine, au na jirani aliyesikia kwamba familia ya nyumba ya pili imeamua kuuza ili igawane. Mara nyingi ni nyumba ya Kiswahili iliyojengwa na mzee mmoja, ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, uwani nyuma, na mzee mwenyewe alikwishafariki zamani. Wamebaki mjane, watoto, wajukuu, na wapangaji wanaolipa kodi kwa kaka mkubwa. Mnunuzi huonyeshwa vyumba, hutajiwa bei, kisha huuliza swali analodhani linatosha: karatasi zipo? Hilo ni swali la pili. La kwanza ni kama huyu anayeuza ana mamlaka ya kuuza, na mnunuzi ana haki ya kupata jibu lake kabla hajatoa hata shilingi moja.

Tuutazame utaratibu uliozoeleka. Pande mbili huketi kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, hati ya mauziano huandikwa, mashahidi hutia saini, muhuri hugongwa, fedha huhesabiwa. Utaratibu huu una thamani yake. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 kinataka makubaliano ya kuhamisha haki ya ardhi yawe ya maandishi na yawe na saini ya yule anayedaiwa, na shahidi wa mtaani ni msaada mkubwa siku ya kesi. Lakini muhuri ule unathibitisha nini? Kwamba siku fulani fedha zilitoka kwa huyu zikapokelewa na yule. Hauthibitishi kwamba aliyezipokea ndiye mwenye nyumba, kwa sababu mwenyekiti si msajili wa ardhi. Katika shauri la Farah Mohamed dhidi ya Fatuma Abdallah, lililoripotiwa mwaka 1992, mahakama ilisema wazi kuwa asiye na haki halali juu ya ardhi hawezi kumpa mwingine haki hiyo. Wapo watakaojitetea kwamba walinunua kwa nia njema. Sheria inamtambua mnunuzi wa nia njema, ila nia hiyo haipimwi kwa usafi wa moyo peke yake. Hupimwa pia kwa yale aliyoyauliza. Aliyekuta watu wanaishi ndani ya nyumba na asiwaulize wanakaa kwa haki gani atapata taabu kulishawishi baraza la ardhi kwamba hakujua.

Mamlaka ya kuuza hukosekana hasa kwenye mirathi, na hapa ndipo mnunuzi wa Makorora anapaswa kukaza macho. Kifo cha baba hakimfanyi mtoto mkubwa kuwa mwenye nyumba, hata kama ndiye aliyelipia paa jipya na ndiye anayekusanya kodi. Kikao cha familia nacho hakimpi mtu uwezo wa kuuza. Kinapendekeza jina tu. Anayeteua msimamizi wa mirathi ni mahakama, na kwa familia nyingi ni Mahakama ya Mwanzo, inayotoa barua ya usimamizi, yaani Fomu Na. 4. Iombe barua hiyo, soma namba ya shauri, kisha nenda mahakamani ukaulize kama shauri lipo na kama uteuzi haujatenguliwa. Omba pia kuona orodha ya mali za marehemu, uhakikishe nyumba unayouziwa imo. Msimamizi anaweza kukujibu kwamba mahakama zimekwisha kusema hahitaji ridhaa ya kila mrithi ili auze. Ni kweli, na ni hoja nzito. Hata hivyo msimamizi anauza kwa niaba ya warithi, na akienda kinyume nao wanaweza kumshtaki kwa kutumia vibaya madaraka yake, nawe utaburutwa humo. Kwa sheria ya Kiislamu, inayofuatwa na familia nyingi za Tanga, mjane aliyeachiwa watoto ana thumuni yake, na mtoto mchanga ana fungu kamili hata kama hawezi kusaini. Kwa hiyo taka saini za warithi wazima, pamoja na maelezo ya maandishi kuhusu fungu la watoto. Ukomo wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12, muda unaomtosha mrithi aliyeko Mombasa au Muscat kurudi na kuuliza nani aliuza nyumba ya babake. Uliza pia kama nyumba ni wakfu, maana mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi.

Muuzaji akiwa hai na nyumba ni yake mwenyewe, bado kuna mwenzi wake. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kinaeleza matokeo ambayo wanunuzi wengi hawayajui: nyumba ikiuzwa hivyo, mwenzi asiyeridhia anaendelea kuwa na haki ya kuishi humo. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 161, inakwenda mbali zaidi. Inamtwika mnunuzi mwenyewe wajibu wa kuuliza kama mwenzi, au wenzi wote, wameridhia. Muuzaji mwenye wake wawili anahitaji ridhaa ya wote wanaohusika na nyumba ile, na mke wa nyumbani hawezi kupuuzwa kwa kisingizio kwamba hakuchangia tofali. Tangu hukumu ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani inahesabu kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa.

Baada ya hapo ndipo karatasi zije. Kama kuna hati miliki, fanya upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ya mkoa, uone jina la mmiliki, rehani ya benki na zuio lolote. Mahakama ya Rufani imeshasema, katika shauri la Amina Maulid Ambali dhidi ya Ramadhani Juma, kwamba mwenye hati huhesabiwa kuwa mmiliki halali hadi ithibitishwe kuwa aliipata isivyo halali. Kama kuna barua ya toleo au leseni ya makazi tu, ipeleke idara ya ardhi ya Halmashauri ya Jiji, uulize kuhusu mchoro wa eneo na deni la kodi ya pango la ardhi.

Pingamizi ninalolisikiliza kwa uzito ni la muda: ukianza kuzunguka mahakamani na ofisini, mteja mwingine atalipa taslimu. Sheria haikulazimishi kuchagua kati ya kukosa nyumba na kulipa gizani. Toa kiasi kidogo cha kushikilia, kwa maandishi, kwa sharti kwamba kitarudishwa iwapo mamlaka ya kuuza hayatathibitika. Muuzaji mkweli hana sababu ya kulikataa sharti hilo. Anayelikataa amekupa habari muhimu bila gharama. Kuhusu gharama, kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, ushuru wa stempu hubebwa na mnunuzi, na ile asilimia 10 ya bei inayodaiwa na ofisi za baadhi ya mitaa haina kifungu cha Sheria ya Ardhi kinachoiruhusu. Omba kila malipo yawe na risiti ya serikali.

Ikiwa fedha zimekwisha kutoka na mgogoro umezuka, shauri huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 linasuluhisha tu na halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana, au siku 30 zikipita bila mafanikio, unaweza kufungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Mikataba kinakupa haki ya kurudishiwa ulicholipa iwapo mkataba utaonekana kuwa batili, na aliyeshika fedha zako ndiye anayedaiwa. Kwa hiyo siku ya kuandikiana andika jina lake kamili, namba ya kitambulisho cha taifa na mahali anapoishi, na fedha zipitie benki au simu ya mkononi ili kuwe na kumbukumbu.